Kitambaa Cheupe na Maji ya Chiwata

Ipo siku moja, mwanangu Hilda, ambayo sijawahi kumsimulia mtu mpaka mwisho, hata babu yako, ambaye nilimsimulia mambo yangu yote mpaka akawa anasinzia kwenye kiti. Ilikuwa kiangazi, jua kali, mlima uko mbele yangu na kibuyu cha maji mgongoni. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nitaifikia siku hiyo, usinihimize. Kwanza niseme kilichonifanya niitoe leo.

Ujumbe wako wa sauti ulifika juzi. Mjomba wako Yustino ndiye aliyeniwekea simu sikioni, maana mimi na simu hizi za kupapasa hatujaelewana. Umesema mna siku nne mnatembea katika vilima vya chini ya Himalaya, wewe na wanafunzi wenzako wa uuguzi, mkitoka nyumba moja ya watawa wa Kibudha kwenda nyingine, na kwamba wanawapa chai yenye chumvi na siagi. Chai ya chumvi! Yustino alisema labda nimesikia vibaya. Nikamwambia airudie, na kweli ilikuwa chumvi.

Picha nazo nimeziona. Watawa wamevaa mashuka ya rangi ya udongo wa Newala mvua ikishanyesha. Vibendera vya rangi tano vimefungwa kwenye kamba kutoka mti hadi mti, nikadhani kuna mama amefua kanga za ukoo mzima. Yale mapipa madogo ya sala mnayoyazungusha kwa mkono huku mnatembea, hayo nimeyapenda sana. Na lile ziwa takatifu lililo juu zaidi, ambalo hamjalifikia, umelieleza vizuri: mtu haogi humo, hatupi kitu, anavua viatu kabla ya kusogea ukingoni, na wenyeji wanasema ndege huokota kila jani linaloangukia majini. Hapo nilicheka peke yangu. Utajua kwa nini.

Mwisho wa ujumbe sikucheka. Umesema yule mama unayepanga kwake, kikongwe wa watu anayekuwekea wali ukichelewa kutoka wodini, alikupa kitambaa cheupe cha hariri ukakifunge kando ya ziwa hilo kwa niaba yake. Yeye alizaliwa kijiji cha karibu na ziwa, akaolewa mjini, na sasa magoti yake hayapandi tena. Umesema wenzako wamechoka, kuna basi la kuteremka mjini Jumamosi, na ziwa bado ni siku mbili za kupanda. Kisha ukasema hivi, nimeyaandika ili usije ukanikana: "Bibi, kitambaa ni kitambaa tu. Nitakifunga hapa hapa kwa watawa, nimpigie picha, atafurahi. Hatajua."

Nilimwambia Yustino aiweke tena. Akaiweka mara tatu. Halafu nikamwambia azime, anitafutie daftari na kalamu. Yeye atazipiga picha kurasa hizi akutumie leo leo, kabla ya hilo basi la Jumamosi. Ukiona mwandiko umepinda usinicheke, naandikia juu ya goti, na goti lenyewe unalijua.

Haya, sasa tuje Chiwata.

Bibi yangu mzaa mama aliitwa Agnesi, naye ndiye aliyenilea. Alikuwa mtoto wa wazee waliobatizwa na misheni zamani sana, mtu wa kanisa hasa, hakosi ibada ya asubuhi. Wakati huo huo alikuwa mtu wa chemchemi. Kwetu mambo hayo mawili hayakugombana, na aliyetaka yagombane Bibi alimtazama mpaka akaacha. Chemchemi yetu ilitoka chini ya mwamba, bondeni, nyuma ya mashamba ya mikorosho. Ulivua viatu kabla ya kuikaribia. Hufui pale, huogi pale, huchoti kwa sufuria yenye masizi, na jani likidondoka unalitoa kwa mkono. Sisi hatukuwa na ndege wa kutufanyia kazi hiyo. Sasa umeelewa kicheko changu.

Ukoo wetu ulikuwa na desturi moja. Binti akiolewa mbali, hasa huko juu mlimani ambako maji ni ya kutafuta, na akapatwa na ugonjwa wa kumlaza, aliweza kutuma ujumbe aletewe maji ya chemchemi ya kwao. Aliyeyabeba alikuwa msichana wa ukoo aliyekwisha kuchezwa unyago. Maji yalikwenda ndani ya kibuyu ambacho hakijawahi kutiwa pombe, kimezibwa kwa gunzi. Njia nzima kibuyu hakiwekwi chini. Ukitaka kupumzika unakitundika tawini au unampa mwenzako akipakate. Hukifungui, huyanywi. Mgonjwa ndiye wa kwanza kuyaonja.

Bibi Agnesi alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Hilda. Naam, jina lako. Huyu aliolewa Newala akiwa binti mdogo, kule ukingoni kabisa, ambako ukisimama uani unaona bonde lote la Ruvuma chini yako na maji yake, na ndani ya nyumba huna hata tone la kunawia. Walikinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, wakayahifadhi. Yakiisha, wanawake waliteremka bondeni na ndoo asubuhi wakarudi jua la utosi. Bibi Hilda aliishi hivyo miaka kama hamsini. Kila alipokuja kututembelea, kabla hata hajasalimiwa vizuri, alikwenda chemchemini, anainama, anakunywa kwa viganja, anafumba macho. Watoto tulimcheka.

Kiangazi kile alitujia mwalimu mmoja kwa baiskeli, akaleta maneno ya Bibi Hilda: "Mwambieni dada aniletee maji ya kwetu. Asichelewe."

Bibi hakulia. Alikwenda chemchemini na unga wa mtama kwenye kisahani, akavua viatu, akapiga makofi taratibu, akaunyunyiza unga pale mwambani na kuwataja wazee wetu mmoja mmoja kwa majina. Mimi nikajaza kibuyu. Kutoka pale tukaenda moja kwa moja kwa Padre, naye akakiombea kibuyu bila kuuliza maswali, kwa sababu naye alikuwa mwenyeji. Ndipo tukaanza safari. Ilikuwa Jumatatu.

Nikwambie ukweli, mwanangu, sikuipenda ile safari. Mimi nilikuwa na miguu, na Bibi alikuwa na marafiki. Kila kanisa la njiani lazima tuingie, apige goti, kisha atoke aende kwa katekista, asalimie, aulize habari za mtoto aliyekuwa na degedege mwaka juzi, aonjeshwe ming'oko, vile viazi vya porini, aifungie mingine kwenye kanga. Kanisa lenyewe lina kuta za udongo na mabenchi sita, lakini Bibi anaingia kana kwamba ndilo kanisa kuu. Mimi nimesimama nje na kibuyu mgongoni, siwezi hata kukiweka chini, nahesabu kunguru. Ulivyonieleza mnavyozunguka zile nyumba za watawa, jengo likiwa mkono wa kulia, polepole, huku wazee wanawapita, nilimwona Bibi kabisa.

Siku ya pili tukaanza kupanda. Unaujua mlima ule kwa gari tu, ukiwa umelala begani kwangu. Kwa miguu ni kitu kingine. Bibi alikuwa anapanda hatua kumi, anasimama, anashika kiuno, anasema, "Tutafika tu, Monika, tufike pamoja." Mimi akili yangu haikuwa hapo. Juu, kwenye kituo cha kanisa ambako tungelala, kwaya za vijana zilikuwa zinakutana jioni ile, na katika kwaya moja kulikuwa na kijana wa sauti ya tatu niliyemwona sikukuu ya Pasaka. Acha kucheka. Na wala si babu yako. Babu yako hakujua kuimba, Mungu amrehemu.

Nikamwambia Bibi, "Natangulia, nikakutafutie mahali pa kulala."

Akanitazama. "Haya. Kibuyu hicho, mwanangu."

"Nakijua, Bibi."

Nilipanda mbio mbio. Nilipofika juu, nikaona paa la kanisa kati ya mikorosho, nikajitazama. Vumbi jekundu lilikuwa limenipaka toka kwenye vidole vya miguu mpaka kwenye kope. Kwenye kifurushi nilikuwa na blauzi nyeupe niliyoipiga pasi kwa ajili ya jioni ile tu. Nikakaa juu ya jiwe, kibuyu nikakitundika kwenye tawi la mkorosho, kama nilivyofundishwa. Mpaka hapo nilikuwa mtoto mwema.

Nikasema nionje kidogo tu, nina kiu. Nikaonja. Kisha nikasema nilowanishe uso. Uso ukatakata na shingo ikaonekana chafu zaidi, nikaosha shingo. Halafu mikono. Halafu miguu mpaka magotini, kwa sababu sketi yangu ilikuwa fupi kidogo. Nilikuja kushtuka kibuyu ni chepesi mkononi, na pale chini udongo ulikuwa umeshayanywa maji yote, limebaki doa jeusi, nalo likawa linakauka nikiliona.

Nilivaa blauzi. Huo ndio ukweli, mwanangu, kwanza nilivaa blauzi. Ndipo nikaenda kwa mke wa katekista, nikamwamkia, nikamwomba maji. Mama yule alikuwa na pipa moja la maji ya mvua ya msimu uliopita. Alinijazia kibuyu bila kuniuliza ya nini, na nilisikia kata ikikwaruza chini ya pipa. Nikaziba kwa gunzi. Nikajiambia, maji ni maji. Nikajiambia na lile neno lako: hatajua.

Bibi alifika jua linazama, miguu imevimba, ameegemea kijiti. Hakuomba kiti wala maji. Aliuliza, "Hakikugusa chini?"

"Hakikugusa, Bibi," nikasema. Ulikuwa ukweli mtupu, na niliusema kwa kujivuna.

Jumatano alasiri tukaingia Newala. Bibi Hilda alikuwa kwenye kitanda cha kamba, amekonda mpaka pete imefungwa uzi ili isidondoke. Wale wawili wakashikana mikono. Kisha Bibi Agnesi akafungua kibuyu mwenyewe, akamimina kwenye kikombe, akamwinua kichwa mdogo wake kwa mkono wa kushoto. "Maji ya kwetu haya," akamwambia.

Bibi Hilda alifumba macho, kama alivyofanya siku zote chemchemini. Akapiga funda. Hakulimeza mara moja. Nilimwona analizungusha mdomoni, kisha akameza, akafumbua macho, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na blauzi yangu.

"Ya kwetu," akasema. "Asante, dada."

Bibi Agnesi ndipo akalia, machozi ya siku tatu. Akatoka uani kuwaambia wanawake wengine kwamba mdogo wake amekunywa. Nikataka kumfuata. Bibi Hilda akaninyoshea kidole kimoja.

"Njoo karibu."

"Abee, Bibi."

"Haya ni maji ya bati."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Bati nalijua mie. Nimelinywa tangu sijaota mvi." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaanza kulia. "Usilie kwa sauti, dada atasikia. Umeiona miguu yake? Mwache aamini amenifikishia." Akapumzika kidogo, kisha akauliza, "Ulishikwa na kiu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kiu ina heshima yake. "Nilinawa uso, Bibi," nikamwambia. "Na miguu."

"Kulikuwa na kijana?"

"Kulikuwa na kijana."

"Alikuja?"

"Hakuja. Wanasema alikuwa na malaria."

Alicheka, mwanangu, alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshika mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa mifupa mitupu. Kilipotulia akafuta midomo, akatazama dari. "Nilitaka funda moja tu," akasema, akageukia ukutani.

Usingizi haukuja. Alhamisi alfajiri nilimwambia Bibi Agnesi nimesahau kitu njiani, nakwenda kukichukua. Aliniangalia sana, nikadhani ataniuliza ni kitu gani. Akasema tu, "Kakichukue."

Nilishuka mlima ule kwa siku moja na nusu. Ijumaa mchana nilikuwa chemchemini. Sikuwa na unga wala sikuwa na mzee wa kunisemea. Nilivua viatu, nikapiga makofi peke yangu, nikawataja wazee niliowakumbuka, na waliobaki nikawaomba radhi kwa kutowajua. Kisha nikaueleza ule mwamba nilichofanya, kwa sauti, kuanzia blauzi. Ilikuwa mara ya kwanza maneno yale kutoka kinywani mwangu bila kuulizwa. Nikajaza kibuyu, nikageuka.

Kupanda nilipanda kwa uangalifu, si kwa mbio. Nililala nimekaa, nimekipakata. Nilipita kwa mke wa katekista, akanipa maji ya kunywa kwenye kata, akakitazama kibuyu kimejaa na mimi nakunywa maji yake, akatikisa kichwa kidogo. Nadhani alielewa. Pale kwenye jiwe langu sikusimama.

Jumapili, jua limeshapanda, nilikuwa naingia Newala. Kengele ya kanisa ililia nikiwa bado mbali kidogo. Nikadhani ni ibada tu, nikafurahi kwamba nitamkuta Bibi Agnesi hayupo, nimnyweshe Bibi Hilda kimya kimya kabla dada yake hajarudi. Nikaongeza mwendo. Nyuma ya nyumba nikakutana na wanaume watatu wanatoka makaburini, majembe begani, udongo mwekundu mpaka viwikoni. Walinisalimu kwa sauti ya chini.

Bibi Agnesi alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake. Nilisimama mbele yake na kibuyu mgongoni. Sikukiweka chini. Sikujua tena kinakwenda wapi, lakini sikukiweka chini.

"Tumemzika asubuhi hii," akasema. "Alikwenda jana."

Nikaanza kumweleza. Akanizuia kwa kiganja.

"Aliniambia. Toka Alhamisi kila mlango ukilia anauliza kama ni wewe. Nikamwambia, unamsubiri wa nini huyo mtoto, maji si umeshakunywa? Jana alfajiri ndipo akaniambia. Akasema, akija nami nimeshakwenda, msimgombeze. Mnywesheni."

Nililia pale mkekani mbele za watu, na Bibi aliniacha nilie. Nilipomaliza akafuta uso wangu kwa upindo wa kanga yake, uso ule ule niliounawa kwa maji ya watu. Kisha akasema, "Yeye amesema usigombezwe. Mimi nitakugombeza kidogo, maana mimi bado nipo."

Na maneno yake ndiyo nimeyabeba mpaka leo. Alisema, "Kunawa ni utoto, hata mimi nilikuwa msichana. Lakini jioni ile Jumanne, nilipokuuliza, ungeniambia. Ningebaki pale kwa katekista na miguu yangu, wewe ungeteremka, ungechota, ungepanda. Ijumaa mdogo wangu angekunywa. Siku zilikuwepo, Monika. Wewe ulizila kwa kunyamaza." Alisema polepole, mkono wake mmoja ukiwa kichwani kwangu, na mkono ule hakuuondoa.

Halafu tukaenda kaburini. Akamimina nusu ya maji upande wa kichwa, taratibu, kama anavyomnywesha mtu. Nusu iliyobaki akanipa mimi, akasema ndivyo alivyoagiza mwenyewe. Nilikunywa. Yalikuwa matamu, nami nilitamani yawe machungu.

Ndiyo maana, mwanangu, nilipomaliza ualimu niliomba nipangwe Newala, watu wakanishangaa, nani anaomba kwenda kusiko na maji? Ndiyo maana kila kiangazi nilipanda na kibuyu mpaka kaburini kwa Bibi Hilda. Siku hizi magoti yamekataa, anakwenda Yustino kwa pikipiki, chupa ya plastiki imening'inia shingoni, njia nzima ananung'unika kwamba abiria wake wanamcheka. Nimemkataza kuiweka chini na haiweki. Mabomba ya Newala yapo sasa, na bado kuna wiki yanakohoa hewa tupu, watu wanatazama mawingu kama zamani. Na ulipozaliwa, mama yako alikuwa ameshachagua jina la kwenye televisheni, zuri tu. Mimi ndiye niliyekaa kitako nikalia mpaka ukaitwa Hilda. Kila mtu alidhani bibi yako ana vituko.

Sasa nakuambia ninachotaka kukuambia, na uusome mstari huu mara mbili. Kile kitambaa si chako. Umekibeba tu. Yule mama hakukutuma picha. Pale mjini kuna kila aina ya kitambaa na kila aina ya mahali pa kukifunga, naye amevipita vyote, akangoja mtu mwenye magoti, akakuchagua wewe. Kwa hiyo ukiweza, panda. Nenda na mwenyeji anayeijua njia, usiende peke yako kwa ukaidi, na usimtangulie anayetembea polepole. Basi lipo na la wiki ijayo.

Na usipoweza, maana nasikia hewa ya huko ni nyepesi na vichwa vinauma, nawe ni muuguzi unajua kuliko mimi, basi usipande. Sitaki kuletewa habari mbaya kwa sababu ya hadithi yangu. Teremka, lakini teremka nacho. Usikifunge hapo ulipo na kukipiga picha. Kirudishe kimekunjwa vile vile, umwekee mkononi, umwambie: mama, sikufika. Pengine atalia. Pengine ana mpwa atakayekwenda mwezi ujao. Pengine atakwambia, mwanangu, kaa ule. Wewe hujui, wala mimi sijui, ila yeye bado yuko hai na siku zake ni zake, usiile hata moja kwa kunyamaza. Mimi nilipewa nafasi hiyo jioni ya Jumanne, mbele ya mtu aliyenipenda kuliko wote, nikajibu swali la kibuyu kugusa chini.

Nasikia Yustino anawasha pikipiki, anataka kuzipiga picha kurasa kabla hajaenda stendi. Ngoja nimalizie.

Nenda salama, mwanangu. Mungu wa wazee wangu wa chemchemini na wa mabenchi yale sita akutangulie mlimani na akufuate nyuma. Mawe ya njiani yakae imara chini ya miguu yako. Watakaokukuta na kiu wakuchotee bila kuuliza, hata kama kata inakwaruza. Ukifika ziwani, vua viatu, funga kitambaa cha mama yule, utaje jina lake kwa sauti, wala usione aibu mbele ya wenzako. Halafu utaje na la kwako. Useme, Hilda amefika kwenye maji.